Uzi: "Sukuma" au "gonga"? Asili ya neno la Kichina tuiqiao (推敲) na maana yake hasa

#1 Kalamu ya Mwanzi (mleta uzi)

Wakuu, habari za leo.

Neno *tuiqiao* limeundwa na vitenzi viwili: *tui*, kusukuma, na *qiao*, kugonga. Ukiyaweka pamoja hupati "kusukuma na kugonga" bali "kupima neno moja moja mpaka likae mahali pake". Mwandishi anayerudia sentensi yake mara kumi anafanya *tuiqiao*. Hoja ya wakili ambayo ukiigusa inaporomoka, Wachina husema haistahimili *tuiqiao*.

Hadithi inayofundishwa ni hii. Mshairi Jia Dao (779–843), wa enzi ya Tang, alikuwa juu ya punda jijini Chang'an akihangaika na mstari mmoja. Neno kwa neno, ubeti wenyewe unakwenda hivi:

鳥宿池邊樹 – ndege / lala / bwawa / kando / mti
僧敲月下門 – mtawa / gonga / mwezi / chini / mlango

Hakujua aandike mtawa "anasukuma" mlango au "anagonga". Akawa anapunga mkono hewani, mara asukume, mara agonge, hadi punda akaingia katikati ya msafara wa mkubwa mmoja. Mkubwa huyo alikuwa Han Yu (768–824), naye mwandishi hodari. Badala ya kumwadhibu, akafikiri, akasema: "gonga" ni bora.

Nina maswali matatu. Je, ilitokea kweli? Kwa nini "gonga"? Na sisi kwa Kiswahili tulitafsirije?

#2 Mzee wa Msasa

La tatu ndilo jepesi: *kupiga msasa*. Seremala akishakata na kuunga, anapitisha msasa mpaka mkono usikwaruzwe. Waandishi wetu husema hivyo kila siku: "mswada bado unapigwa msasa." Sioni haja ya kutafuta lingine.

#3 Dodoso

Naanza na la kwanza, maana tarehe zinaikaba hadithi hii.

Han Yu alishika cheo cha gavana wa jiji kuu, *jingzhao yin*, mwaka 823. Alifariki mwaka uliofuata. Hadithi inasema yeye ndiye aliyekuwa na cheo hicho punda alipoingia msafarani, na kwamba ndipo walipofahamiana. Lakini kuna shairi la Han Yu mwenyewe la mwaka 811, la kumuaga mtawa aitwaye Wuben anayerudi kwao Fanyang, maeneo ya Beijing ya leo. Wuben ni jina la utawa la Jia Dao. Kwa hiyo miaka 12 kabla ya "kukutana" tayari walikuwa wanaandikiana mashairi, na hawakujuana Chang'an bali Luoyang, Han Yu alipokuwa hakimu wa wilaya huko.

Hadithi yenyewe huhusishwa na kitabu cha Wei Xuan cha mwaka 856, kinachokusanya mazungumzo ya mshairi Liu Yuxi (772–842). Tatizo ni kwamba nakala zilizotufikia za kitabu hicho zimechanganyika na maneno ya vitabu vingine. Tunaisoma hadithi kwa ukamilifu ndani ya makusanyo ya enzi ya Song, kwa mfano ya Hu Zai, ambaye dibaji ya sehemu yake ya kwanza ni ya mwaka 1148. Hesabu mwenyewe: miaka mia tatu na zaidi baada ya punda.

#4 Mizani Nane

Kwa swali la pili, watu wengi hukimbilia maana kabla ya kupima mizani. Tuanze na mizani.

Shairi hili ni *lüshi* la maneno matano: mistari 8, kila mstari silabi 5, jumla silabi 40. Kila silabi ya Kichina ina toni yake: ni ama ya sauti tambarare (*ping*) ama ya sauti iliyopinda (*ze*). Ukitaka kulikagua, tazama kwanza silabi ya 2 na ya 4 ya kila mstari. Hizo lazima zipishane ndani ya mstari, na lazima zipingane na mstari mwenzake katika ubeti. Silabi ya 1 na ya 3 zina ulegevu kidogo.

Mstari wa ndege: ya 2 ni 宿, imepinda. Ya 4 ni 邊, tambarare.
Mstari wa mtawa: kwa hiyo ya 2 lazima iwe tambarare na ya 4 ipinde. 下 imepinda, sawa. Na ya 2?

推 (*tui*) ni tambarare. 敲 (*qiao*) ni tambarare. Zote mbili zinapita! Mizani haikumsaidia Jia Dao kuchagua, ndiyo maana alikwama.

Lakini mizani ilifanya kazi nyingine ambayo watu hawaioni. Kichina kina neno lingine la kugonga mlango, 叩 (*kou*), na ndilo lililozoeleka kwa milango. Hilo limepinda. Haliwezi kukaa pale. 打, kupiga, nalo limepinda. 開, kufungua, ni tambarare, lingepita. Kwa hiyo swali la kweli alilokuwa nalo lilikuwa jembamba kuliko tunavyodhani: kitenzi cha mlango, silabi moja, sauti tambarare. Mlango wa kuchagua ulikuwa umeshafungwa nusu.

#5 Kalamu ya Mwanzi

Asante Mizani Nane, hilo la *kou* sikulijua kabisa. Sasa kama mizani inakubali yote mawili, sababu ya Han Yu ni ipi? Nimefundishwa kwamba sauti ya kugonga inaufanya usiku uonekane kimya zaidi.

#6 Fundi Mlango

Mimi nautazama mlango wenyewe. Lango la nyumba ya Kichina ya zamani lina mbao mbili zinazofunguka kuelekea ndani, na nyuma yake kuna pingo la mti linalopita kwenye vishikio. Usiku mwenye nyumba analipitisha pingo. Ukisukuma kwa nje, mbao zinagota kwenye pingo, hakuna zaidi. Kusukuma kunawezekana tu kama lango liliachwa bila pingo.

Na Chang'an kulikuwa na amri ya usiku: ngoma zikilia jioni, malango ya mitaa yanafungwa. Nani angeacha nyumba bila pingo katika mji wa namna hiyo? Mtawa agonge tu.

#7 Bi Hodi

Fundi, mlango ni wa mbao lakini nyumba ni ya mtu. Mgeni aliyestaarabika hasukumi mlango wa mwenzake usiku, uwe na pingo au usiwe nalo. Hata sisi mtu akiingia bila hodi tunamuuliza kama kwao hakuna mlango. Han Yu alikuwa mtu wa adabu za Confucius, angechaguaje kusukuma?

#8 Dodoso

Narekebisha mawili.

Fundi (#6), maelezo ya pingo ni sahihi, lakini amri ya ngoma haihusiki hapa. Shairi linaitwa "Kuandika kwenye makao ya upweke ya Li Ning". Mstari wa kwanza unasema majirani ni wachache, wa pili unasema njia ya nyasi inaingia bustani iliyoota pori, wa tano kuna daraja na rangi za mashamba. Hapo si ndani ya kuta za mji. Chang'an ni mahali pa punda, si mahali pa mlango.

Bi Hodi (#7) na mleta uzi (#5): sababu ya adabu, sababu ya kimya, sababu ya ndege kushtuka, zote hizi ziliongezwa na watu wa baadaye. Katika maandishi ya zamani Han Yu anasimamisha farasi kwa muda mrefu, kisha anasema maneno manne tu: 作敲字佳, yaani "kuandika *gonga* ni vizuri", na kialamishi kidogo cha kufunga sentensi. Basi. Hakutoa sababu hata moja. Kisha wakaenda sambamba, mmoja kwenye farasi na mwingine kwenye punda, wakizungumza mashairi.

Kitu kidogo ninachokipenda humo: maandishi yanataja kwamba punda alipenya hadi "sehemu ya tatu" ya msafara. Msafara wa gavana ulitembea kwa mafungu, askari na wabeba alama mbele. Jia Dao alishapita mafungu mawili bila kujua aliko.

#9 Nyasi za Wei

Kuna punda wa pili, wakuu, na huyu hamjamtaja.

Mwandishi Wang Dingbao (870–940) anasimulia kwamba Jia Dao alikuwa akipita jijini siku ya upepo, majani ya miti yakianguka barabarani. Likamjia "majani yaliyoanguka yajaza Chang'an" (落葉滿長安). Akatafuta mstari mwenza, asiupate, hata hakujua aliko; mwenza uliokaa katika shairi ni "upepo wa vuli wavuma mto Wei" (秋風吹渭水). Katika kuzama huko akamgonga gavana wa jiji. Gavana alikuwa Liu Qichu, aliyeshika cheo baada ya Han Yu kufariki. Na huyu hakusimamisha farasi kufikiri mashairi: alimweka ndani usiku mzima, akamwachia asubuhi.

Halafu kuna historia rasmi ya Tang iliyokamilika 1060. Yenyewe inasema tu kwamba Jia Dao akitunga alikuwa hatambui hata wakubwa, siku moja hakumpisha gavana, akahojiwa sana kabla ya kuachiwa. Hakuna jina la gavana, hakuna sukuma wala gonga.

Mimi naona hivi: kulikuwa na tukio moja la punda na gavana mkali. Wasimuliaji wakalihamishia kwa gavana mpole aliyejulikana kuwa mlezi wake. Hadithi ikawa tamu zaidi.

#10 Dodoso

Inawezekana. Ila usisahau kwamba mistari ya hadithi mbili ni tofauti na mashairi ni tofauti. Anayechanganya punda anaweza kuchanganya pia mashairi, lakini hapa kila punda ana shairi lake. Hata hivyo angalia: huo mstari wa mto Wei nao una matoleo mawili. Mahali pengine umeandikwa 吹, "wavuma", na pengine 生, "wazaliwa": upepo wa vuli *wazaliwa* juu ya mto Wei. Jia Dao na kitenzi cha nafasi moja, tena.

#11 Mkaidi wa Hunan

Mmejadili sukuma na gonga kama mahakimu. Mwanafikra Wang Fuzhi (1619–1692) alishalifuta swali lenyewe.

Yeye anasema mstari huu ni kuwaza tu, ni kama kusimulia ndoto ya mtu mwingine: hata ukiifananisha vizuri vipi, haikugusi. Ushahidi wake ni huku kusitasita kwenyewe. Angekuwa amesimama pale usiku ule, lango mbele yake na mwezi juu yake, basi ama lilisukumwa ama liligongwa, moja kati ya hayo, na kalamu ingeandika lililotokea. Kama unapaswa kuchagua, hukuona.

Kwangu mimi hilo ndilo jibu zito kuliko yote, na linauma kwa sababu neno *tuiqiao* leo ni sifa. Wang aliliona kuwa dalili ya ugonjwa.

#12 Mizani Nane

Mkaidi, hoja nzuri lakini inadhani kila shairi ni ripoti. Mshairi wa *lüshi* ana kazi ya kulinganisha mistari ya kati, na ulinganisho hauji na mandhari. Ndege kwa mtawa, nomino kwa nomino. Lala kwa gonga, kitenzi kwa kitenzi. Bwawa-kando kwa mwezi-chini. Mti kwa mlango. Hata kama alikuwepo pale na aliona kila kitu, bado angelazimika kupima kitenzi kinachoweza kusimama mkabala na 宿, kulala.

Na hapo ndipo naiona sababu ya "gonga". Kulala ni kutulia, hakuna mwendo wala sauti. Ukiweka "sukuma" mkabala nalo, umepata mwendo mdogo wa kimya, vitu viwili vimekaribiana mno. Ukiweka "gonga", upande mmoja kimya, wa pili sauti. Ubeti unapata pande mbili.

#13 Mkaidi wa Hunan

Na ndege waliolala wakishasikia mlango unagongwa? Wataruka, mstari wako wa kwanza umebomoka.

#14 Bi Hodi

Kugonga kwa mtawa si kubomoa mlango, Mkaidi. Vidole vitatu tu, ko ko ko.

#15 Jani la Chai

Mkaidi hayuko peke yake. Zhu Guangqian, mwanafalsafa wa sanaa wa karne ya 20, aliandika katika miaka ya 1940 kwamba uamuzi wa Han Yu si lazima uwe sahihi. Hoja yake ni kwamba vitenzi viwili vinatoa picha mbili tofauti kabisa, si picha moja iliyong'arishwa.

Kwenye "sukuma": mtawa anarudi mwenyewe. Mlango aliufunga yeye mchana, sasa anausukuma yeye, ndani hakuna mtu wa kumfungulia. Ni upweke mtupu, na mtawa hana wasiwasi nao. Kwenye "gonga": lazima kuwe na mtu ndani wa kusikia. Kuna mwenyeji, kuna mgeni, kuna ujamaa kidogo. Na kweli kugonga kunavuruga kimya. Kwake yeye kubadilisha neno ni kubadilisha hisia, kwa hiyo swali si lipi zuri bali ni usiku upi aliotaka mshairi.

#16 Dodoso

Naikubali nusu. Ukisoma mistari miwili tu, Zhu ana nguvu. Ukisoma mistari yote 8, mtawa anakwenda kwa Li Ning, hana mlango wake pale. Mstari wa mwisho unaahidi kwamba miadi haitavunjwa, na wa saba unasema "naondoka kwa muda, nitarudi hapa". Hizo ni kauli za mgeni. Mgeni anagonga.

#17 Nyasi za Wei

Je, Li Ning alikuwepo nyumbani? Shairi halimwonyeshi hata mara moja. Hakuna chai, hakuna mazungumzo, hakuna taa. Washairi wa Tang walikuwa na aina nzima ya mashairi ya kumtembelea mpweke na kumkosa, na Jia Dao anajulikana kwa hayo. Nikisoma "naondoka kwa muda" naona mtu aliyegonga, hakujibiwa, akavuka daraja na kurudi zake. Ndipo "gonga" inakuwa na uchungu: sauti isiyojibiwa.

Na kuna kitu kingine kwenye mstari wa ndege. Baadhi ya matoleo yana 池中樹, mti *ndani ya* bwawa, badala ya 池邊樹, mti *kando ya* bwawa. *Mashairi Kamili ya Tang*, juzuu la 572, yanataja tofauti hiyo. "Ndani" si kosa la mwandishi: ni kivuli cha mti kwenye maji, kinaonekana kwa mwanga wa mwezi, na ndege yumo kivulini. Kwa toleo hilo mgeni ameinamisha macho majini wakati anasubiri mlangoni.

#18 Fundi Mlango

Hilo la kivuli limenikaa. Linajibu pia swali la jinsi mtu anavyomwona ndege aliyelala usiku. Mtini gizani humwoni. Majini, mwezi ukiwa juu, unaweza.

#19 Mizani Nane

Naomba niwaonye wanaokagua shairi hili kwa Kichina cha leo, kwa sababu makosa ni yale yale kila mara.

La kwanza ni 石, jiwe, mstari wa 6, silabi ya 2. Kimandarini ni *shí*, sauti ya pili, ambayo wanafunzi wanaihesabu tambarare. Wanapata mstari "uliovunjika" na kudhani Jia Dao alikosea. Katika Kichina cha Tang silabi hiyo iliishia kwa *k*, na silabi zote zilizofungwa kwa *p*, *t* au *k* ni za kupinda. Kimandarini kimedondosha hizo herufi. Kikantoni bado kinazo: *sek*. Kagua kwa Kikantoni na mstari unasimama.

La pili ni vina. Mistari ya 2, 4, 6 na 8 inaishia 園, 門, 根, 言. Soma kwa Kimandarini: *yuan, men, gen, yan*. Unaona jozi mbili, si kina kimoja. Lakini kwenye kitabu cha vina cha zamani zote nne ziko fungu moja, "13 Yuan". Fungu hili lilishaachana midomoni mwa watu muda mrefu huku mitihani ya kuingia utumishi wa serikali ikiendelea kulidai. Karne ya 19 msomi Gao Xinkui aliangushwa nalo mitihanini mara mbili, na msomi mwenzake Wang Kaiyun akatunga utani uliobaki hadi leo: "13 Yuan wa laana".

#20 Jani la Chai

Tukiwa kwenye matamshi, tazameni neno lilivyosafiri. Kijapani ni *suikō*, na kwao limebana zaidi: ni kazi ya kurekebisha rasimu, hatua ya baada ya kuandika. Kikorea ni *toego*, maana hiyo hiyo. Kivietinamu ni *thôi xao*.

Wanaojifunza Kikorea hukwama hapa: alama 推 kwa kawaida wanaisoma *chu*, lakini ndani ya neno hili inasomwa *toe*. Si holela. 推 ilikuwa na matamshi mawili tangu zamani, na Kikorea kilihifadhi yote mawili. Kivietinamu vilevile: *suy* kwenye maneno ya kukisia, *thôi* hapa.

#21 Kalamu ya Mwanzi

Uzi umenenepa, asanteni. Nirudi kwa Mzee wa Msasa (#2). Nina wasiwasi na *kupiga msasa*. Msasa unaondoa. Unalainisha kilichokwishaamuliwa. *Tuiqiao* ni kabla ya hapo: mkono uko hewani, maneno mawili yote yanafaa, na hujaamua. Wachina hawakuliita "gonga" kwa heshima ya neno lililoshinda. Walibakiza yote mawili.

#22 Nyasi za Wei

Sahihi, na maandishi ya zamani yanasaidia: yanasema alinyoosha mkono akifanya "ishara ya kusukuma na kugonga". Mimi naamini neno lilitokana na mkono huo. Watu waliokumbuka hadithi walikumbuka mtu anayepunga mkono juu ya punda, si hukumu ya gavana.

#23 Dodoso

Au lilitokana na mpangilio wa masimulizi tu: "kwanza alitaka kuweka 推, kisha akataka kuweka 敲". Maneno mawili yamefuatana kwenye sentensi, yakakatwa yakawa istilahi. Kichina hufanya hivyo mara nyingi bila kuhitaji mkono wa mtu.

#24 Mzee wa Msasa

Nakubali kurudi nyuma hatua moja. Msasa ni wa mwisho. Basi tuseme *kupima maneno*? Fundi wa dhahabu anaweka huku, anaweka kule, anaangalia mizani inainama wapi.

#25 Bi Hodi

*Kupima maneno* kwetu ni kuchunga usimkwaze mtu. "Pima maneno yako" ni onyo. Mtu ataelewa vingine.

Lakini mimi nina shida na tafsiri ya mstari wenyewe. Wengi wanaandika "mtawa *abisha hodi*". Hodi ni sauti ya mtu. Ukibisha hodi umeita, na mwenyeji anakujibu "karibu". 敲 haina mdomo, ni mkono na ubao. Ukiweka hodi umemfanya mtawa aongee, na kimya chote kilichozungumzwa humu kimekwisha. Kwa sababu hiyo nashikilia *gonga* peke yake, ingawa kimila mgeni wetu anayegonga bila kusema hodi anatia shaka.

#26 Mizani Nane

Nimejaribu kwa mizani yetu, 8 kwa 8, vina vya kati *-ni* na vya mwisho *-ngo*:

Ndege kalala bwawani, kwenye mti wa ukingo,
Mtawa mbalamwezini, akigonga lile lango.

Na kwa wa upande wa Zhu:

Mtawa mbalamwezini, akisukuma mlango.

Oneni kilichotokea. Kichina kilikuwa na silabi moja kwa moja, ukibadilisha neno mstari hautikisiki. Sisi *gonga* ni silabi mbili na *sukuma* ni tatu, kwa hiyo nilipotoka kwenye moja kwenda nyingine nimelazimika kugeuza *lile lango* kuwa *mlango*. Kwa Kiswahili swali la Jia Dao haliwezi kubaki kwenye neno moja.

#27 Dodoso

*Lile* ni kijazio, mkuu. Lango lipi hilo tunalolijua? Mstari wa asili hauna silabi hata moja ya kujaza.

Na *kalala* umechagua ndege mmoja. Kichina hakisemi mmoja wala wengi. Nomino yetu *ndege* nayo haisemi, ingekubaliana na Kichina vizuri kabisa, ila kitenzi kinatulazimisha: *kalala* au *walala*. Ndege mmoja anamfanya mtawa awe na mwenzake wa upweke. Ndege wengi ni kundi lililopumzika na mtu mmoja nje.

#28 Mizani Nane

*Lile* naliondoa. "Akigonga mlango" ni silabi 7, inapungua moja. "Akigongea mlango" ni 8, lakini *gongea* inadai mtu wa kugongewa, na Nyasi za Wei (#17) anasema huenda ndani hamna mtu.

#29 Fundi Mlango

"Agongagonga mlango". A-go-nga-go-nga-m-la-ngo. Nane. Na ndivyo mtu anavyogonga asipojibiwa.

#30 Mkaidi wa Hunan

Naam, lakini sasa umeshaamua kwamba alirudia. 敲 moja haisemi mara ngapi.

#31 Jani la Chai

Wakati mnaendelea, niongeze hili la Jia Dao mwenyewe, maana linaonyesha kwamba kusitasita kwake si kwa siku moja. Chini ya mistari miwili aliyomwandikia mtawa Wuke, "peke yangu natembea, kivuli changu kwenye kina cha maji, mara kwa mara napumzisha mwili kando ya mti", aliweka maelezo ya kishairi kwamba mistari hiyo miwili ilimchukua miaka mitatu, na alipoisoma machozi yalitoka macho yote mawili. Su Shi, mshairi wa enzi ya Song, baadaye alimweka pamoja na mshairi mwingine wa Tang, Meng Jiao, kwa maneno manne: Jiao baridi, Dao mwembamba.

Angalieni vitu: maji, kivuli, mti, mtu mmoja. Ni bwawa lile lile.

#32 Nyasi za Wei

Kivuli kwenye kina cha maji! Basi hiyo inalipa nguvu toleo la 池中, mti *ndani ya* bwawa. Ni mtu aliyekuwa na tabia ya kutazama vitu majini.

#33 Dodoso

Au inaeleza kwa nini mnakili aliyemjua Jia Dao vizuri alibadilisha "kando" kuwa "ndani". Inakata pande zote mbili.

#34 Bi Hodi

Mizani Nane, kabla hujalala: "agonga hodi mlango" silabi 8, lakini usithubutu.